Pole Ina Kesi

Mbaluka wa Kasikeu hakuzaliwa na ubahili wa maneno. Zamani, kabla sheria haijamwingia kichwani, hakuna mtu sokoni aliyemshinda kwa pole. Ukijikwaa mbele ya duka lake la spea za pikipiki, ulisikia pole kabla kidole hakijaanza kuuma. Ukitoka shambani ulipewa pole na kazi, ukishuka gari la Nairobi ulipewa pole na safari, na ukinyeshewa ulipewa pole ya mvua, ingawa kijiji kizima kilikuwa kimefunga na kusali kikiiomba mvua hiyo hiyo. Siku daktari wa mifugo alipomdunga sindano ng'ombe wa jirani, Mbaluka alimwambia ng'ombe pole.

Wala haikuwa pole ya mdomo mtupu. Alikuwa na pikapu nyeupe, kuukuu, iliyokohoa kila ilipopanda mlima, na pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ambulensi ya watu wa Kasikeu. Kina mama wenye uchungu wa kuzaa, vijana walioumwa na nyoka, wazee wa presha, wote walilala humo nyuma juu ya magunia, na Mbaluka akawafikisha. Hakuuliza mtu ni wa ukoo gani wala anasali kanisa gani. Mkewe Kanyiva ndiye aliyeosha damu kwenye magunia, na hakulalamika hata siku moja.

Mambo yaliharibika msimu wa maembe. Lori lilikuwa linapakia kreti karibu na duka, na juu ya kreti alisimama utingo mmoja kutoka Kalamba, kijana aitwaye Mutisya, ambaye hakuna mtu Kasikeu aliyemjua. Alikuwa anajionyesha kidogo, akipokea kreti kwa mkono mmoja na kula embe kwa mkono wa pili. Akateleza, akaanguka, na kreti zikamfuata. Mbaluka alikuwa wa kwanza kufika. Alimshika mkono, akamvuta kutoka chini ya maembe, akamtia kwenye pikapu, na kutoka pale mpaka zahanati hakunyamaza: pole kijana, pole sana, pole mwanangu, tunafika, pole.

Bega la Mutisya lilikuwa limeteguka, likarudishwa mahali pake. Lakini Mutisya alikuwa na mjomba mwenye kufikiri sana, na kabla maembe hayajaisha sokoni, wote wawili walionekana kwa chifu wakimshtaki Mbaluka.

"Chifu, mimi nilianguka bega langu likiwa sawa," alisema Mutisya. "Huyu mzee ndiye alinivuta mkono, nikasikia ka! Na alijua ameniumiza. Si aliniambia pole kutoka hapa mpaka hospitali? Kama hana makosa, pole yote hiyo ilikuwa ya nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Chifu alifuta machozi, akasema kwamba kama pole ni hatia basi lokesheni yake yote ifungwe, na yeye atangulie, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amemwambia mke wake pole ya mafua. Akawaamuru washikane mikono. Mutisya alitoa mkono wa lile bega baya, akautikisa wa Mbaluka vizuri kabisa, na jambo likaishia hapo kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Mbaluka hakucheka. Alirudi dukani mikono ikiwa mifukoni. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba mikono ile ile iliyomfungulia duka inaweza kumfungulia kesi. Chakula kikamshinda, usingizi ukamhama, na mwishowe akaenda kutafuta ushauri kwa Nzau.

Nzau hakuwa wakili. Alikuwa mpiga chapa. Kibanda chake kilikuwa nje ya ukuta wa mahakama, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa hati za viapo. Kwa kuwa hati hizo zimejaa maneno mazito, Nzau aliamini uzito huo ni wake. Alivaa tai hata Oktoba, wakati jua la Ukambani linawavua watu wengine mashati.

"Una bahati, mzee," alimwambia Mbaluka. "Chifu si jaji. Jaji hacheki. Ulisema pole?"

"Nilisema."

"Mara moja?"

"Nilisema njia nzima."

Nzau alivua miwani, akaiweka mezani polepole, akamtazama Mbaluka kwa huruma ile watu wanayowatazamia wagonjwa wasioambiwa ugonjwa wao. "Hiyo inaitwa kukiri. Hata ukisema kwa Kikamba, vole, korti ina mtu wa kutafsiri."

"Sasa nikipata mtu ameanguka nifanye nini?"

"Usiguse. Na kama lazima uguse, chukua ushahidi kwanza. Hiyo simu yako si inarekodi? Basi. Mtu aseme kwa mdomo wake kwamba si wewe. Ndiyo umguse. Na hilo neno lako liache kabisa. Ukibanwa useme kitu, sema 'nimeona'. Kuona si kosa."

Mbaluka aliondoka pale mtu mpya. Tangu siku hiyo pikapu yake ikaanza tabia ya ajabu: kila mtu alipougua, nayo iliugua. Mara betri, mara klachi, mara haina mafuta. Wagonjwa wakawa wanabebwa kwa pikipiki, wakiwa wamebanwa katikati ya watu wawili, na wakipita mbele ya duka Mbaluka alikuwa anahesabu vifungo vya shati lake. Hata neno lenyewe likamhama mdomoni. Wahome, mwenye hoteli, ambaye alikuja kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana na hakuona sababu ya kurudi, alimpitia asubuhi moja akamwambia, "Pole na kazi, mzee." Mbaluka alitazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani kazi hii ni wewe umenipa?"

Kanisani mchungaji alipowaambia waumini wainamishe vichwa watubu, Mbaluka alisikika akinong'ona, "Bwana, yale makosa yanayodaiwa kuwa yangu." Kwenye mazishi ya mume wa Muthoki, jirani yao wa karibu, watu walipanga mstari kumpa mjane mkono wa pole. Zamu ya Mbaluka ikafika. Akamshika Muthoki kwa ncha za vidole, akasema, "Nimeona."

"Umeona nini, Mzee Mbaluka?"

"Nimeona... hali."

Muthoki alikuwa amelia tangu alfajiri. Akapasuka kicheko pale pale mbele ya jeneza la mumewe, na mpaka leo hajamsamehe Mbaluka kwa kumchekesha siku ile. Kutoka hapo jina likamganda. Watu wazima walimwita Mzee Nimeona akiwa hayupo, na watoto wa shule walimwita hivyo akiwepo. Walikuja kujiangusha makusudi mbele ya duka, wakalala chali vumbini, wakasubiri neno lao, wakalipata, wakakimbia wakicheka.

Kanyiva pekee hakuona la kuchekesha. Jioni moja sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ilimponyoka, maji ya moto yakamwagika mkononi. Mbaluka alikuwa ameketi pale pale karibu na meko.

"Nimeona," akasema.

Kanyiva alisubiri, mkono umechovywa kwenye karai la maji baridi. Akasubiri tena. "Baba Ndunge, nimekaa na wewe tangu Ndunge hajazaliwa. Hata pole ya mkono?"

"Mama Ndunge, hiyo sufuria si mimi nilikuwa nimeshika."

"Sijasema ni wewe."

"Basi. Tukubaliane hivyo."

"Siku nikifa utasimama kaburini uambie watu umeona?"

"Nitakuwa nimeona kweli," alijibu Mbaluka, na alijibu bila ubaya wowote, akidhani anamtuliza. Mkono ulipona ukaacha kovu jekundu kutoka kidole gumba mpaka kifundo, na Kanyiva akaacha kumweleza mahali panapomuuma.

Sasa, Ndunge binti yao alikuwa mwalimu Kyuso, kaskazini kabisa mwa Kitui, na kila msimu wazazi wake walimpelekea maembe na kurudi na ndengu. Safari ile walikuwa njiani kurudi, jua limesimama utosini, barabara tupu na vichaka vya miiba pande zote mbili. Kanyiva ndiye aliyeona. Pikipiki ilikuwa imelala kando ya barabara, mbuzi mmoja amekufa, mwingine anazunguka akiburuta kamba, na chini ya pikipiki palikuwa na mtu.

"Simama!"

Mbaluka alisimama, lakini mbali, kule nyuma, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusema gari lake lilimgusa mtu yule. Kanyiva aliruka chini akakimbia. Mguu wa mtu yule ulikuwa umesagika chini ya goti na damu imelowesha mchanga. Alifungua leso yake kiunoni, akaifunga juu ya goti kwa nguvu zake zote, kisha akashika pikipiki kuinyanyua. Ikamshinda.

"Baba Ndunge, njoo ushike hapa!"

Mbaluka alikuwa anakuja. Alikuja taratibu, simu imeinuliwa mbele ya uso, akiongea nayo. "Leo, mimi Mbaluka wa Kasikeu, nimepata hapa mtu ambaye tayari alikuwa ameanguka. Wewe mtu, sema jina lako lote."

Mtu yule alifungua macho. "Nyamai. Nyamai Kiema."

"Umetoka wapi?"

"Kyuso. Mzee, mguu..."

"Mguu tutaufikia. Sema ni nani alikugonga."

"Lori. Ilinifinya... ikaenda."

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Baba Ndunge!" alipiga kelele Kanyiva. "Shika hapa!"

"Usiniite hivyo, unaingia kwenye rekodi."

Wakati ule ule lori jingine likapita kwa kishindo, halikusimama, likawamwagia vumbi wote watatu. Mbaluka alikohoa, akasikiliza alichorekodi, akatikisa kichwa. Sauti imeharibika. Akaanza upya kutoka mwanzo: leo, mimi Mbaluka wa Kasikeu. Nyamai akaulizwa jina tena. Akaulizwa la baba yake. Kila alipofumba macho aliitwa ayafumbue ajibu.

"Sema: mzee huyu si yeye aliyenigonga."

"Mzee huyu... si yeye."

"Aliyenigonga."

"Maji," alisema Nyamai.

"Sema kwa sauti, haisikiki."

Hapo simu ikagoma. Imejaa. Mtu mwingine angeitia mfukoni akamshukuru Mungu. Mbaluka alirudi kando ya pikapu, akachutama kwenye kivuli cha kichaka akaanza kufuta picha, na kila picha aliitazama kwanza. Harambee ya kanisa, hiyo aliiacha. Ndunge siku ya kufuzu chuo, hiyo haifutiki. Embe moja kubwa sana la mwaka juzi, hilo lilimpa shida kuamua. Kanyiva alikuwa ameinama juu ya yule mtu kumpa kivuli, mikono yake imeshika fundo la leso lisilegee, anamlilia mumewe, anamtukana, anamwomba. Mwishowe aliliacha fundo, akaja, akamnyang'anya simu, akaitupa ndani ya pikapu kupitia dirishani. Akamtazama Mbaluka. Mbaluka aliinuka, akanyanyua pikipiki, wakambeba mtu.

Mbaluka aliendesha kwa kasi. Hilo lazima lisemwe. Aliendesha kwa kasi kuliko siku zote za ambulensi yake, na kule nyuma, juu ya magunia ya ndengu, Kanyiva alisema pole njia nzima.

Hospitali waliyofika ilikuwa na daktari mmoja wa upasuaji na chumba kimoja cha kufanyia. Muuguzi aliutazama mguu, akatazama mlango uliofungwa, akashusha pumzi. "Kuna mama ameingizwa sasa hivi, mtoto amekataa kutoka. Mngefika mbele yake kidogo tu, huyu angetangulia, tungejaribu kuokoa mguu." Hakusema kwa hasira. Alisema tu, akaenda kutafuta damu. Mama yule na mtoto wake walitoka salama. Nyamai naye alitoka salama, ila goti lake la kulia likawa ndilo mwisho wa mguu. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi Kyuso na vijiji vyake; wawili aliwabeba kwa pikipiki, wakiwa wengi aliwaswaga kwa miguu mpaka mnadani.

Kanyiva alimwachia muuguzi namba ya simu na jina la Kasikeu. Mumewe alimwonya asiache jina. Akaandika jina kwa herufi kubwa.

Nzau alipoisikia ile rekodi, alifurahi sana. "Hii usifute, mzee. Hii ndiyo ngao yako." Lakini Mbaluka hakuifurahia ngao yake. Alikuwa ameyasikia ya muuguzi vizuri, masikio yake hayakuwa na kasoro. Usiku na mchana alijieleza mwenyewe kwamba si yeye aliyegonga, na alikuwa anashinda kesi hiyo kila mara, maana hakuna aliyekuwa anaipinga. Kanyiva alimwomba mara moja tu awekewe asikie.

"Ni ushahidi," alisema Mbaluka.

"Ndiyo maana nataka kusikia."

Hakumwekea. Kanyiva akasema, "Mimi sitaki pole yako tena. Kaa nayo. Lakini kuna mtu unayo yake." Basi. Akaenda kulala, na ile simu ikawa inalala chini ya mto wa Mbaluka.

Siku Nyamai alipokuja Kasikeu ilikuwa Jumamosi ya soko. Alishuka gari akiwa na magongo mawili, kikapu cha ndengu shingoni na jogoo mwekundu amefungwa miguu ndani ya kikapu, akauliza kwa Mzee Mbaluka ni wapi. Wahome alifunga hoteli akamsindikiza mwenyewe. Mchungaji akaungana nao njiani, Muthoki akatoka kwake kuona ni nini, na walipofika kwa Mbaluka nyumba ilijaa watu. Mbaluka alipomwona mgeni, alirudi nyuma hatua moja. Alijua kesi imekuja kwa magongo.

Lakini Nyamai alikuwa amekuja kushukuru.

"Watu wa Kasikeu," alisema alipopewa kiti na chai, "mimi sijui nyinyi mnakaa na huyu mzee namna gani, lakini sisi Kyuso hatuna mtu kama yeye. Mimi nilikuwa nimeenda. Nikaona hata marehemu mama. Huyu mzee akanisimamia. Akaniuliza jina. Akaniuliza ya baba. Nikifunga macho, ananiuliza tena. Lori ikipita, anarudia kutoka mwanzo! Nikajua huyu amesomea. Si wanasema mtu akiumia asiachwe alale? Mzee huyu alinikataza kulala!"

Watu walipiga makofi. Mchungaji alisimama, akamtazama Mbaluka kwa macho mapya. "Kumbe tuna mtu wa huduma ya kwanza katikati yetu na hatujui! Mzee Mbaluka, kuanzia Jumapili utafundisha vijana." Wahome akasema chai ya mafunzo itatoka kwake. Hata Muthoki alilainika kidogo, akasema basi, watu husomea mambo mengi, na waliosoma sana huwa na maneno mageni.

Mbaluka alikuwa ameangalia kikombe chake. Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi mno: kunyamaza. Hakuna aliyemshtaki, na yule ambaye angeweza kumshtaki alikuwa anamsifu mbele ya mchungaji. Nzau mwenyewe asingeweza kupanga vizuri zaidi. Kanyiva alitoka jikoni na birika. Alimwongezea mgeni chai, akamwongezea mumewe, na kabla ya kurudi akaiweka ile simu, aliyoitoa chini ya mto, mezani karibu na kikombe. Mkono uliokuwa umeishika ulikuwa ule wenye kovu. Akasimama mlangoni pa jikoni.

"Sasa jogoo huyu ni wako, mzee," alisema Nyamai, akainuka kumpelekea. Gongo likateleza kwenye saruji iliyotoka kusuguliwa. Nyumba nzima ikapaza sauti kwa pamoja: "Pole!" Aliyemdaka ni Mbaluka. Alimdaka kwapani kabla hajafika chini, mikono yake ikikumbuka kazi yake ya zamani bila kumwomba ruhusa, na mdomo wake nao ukasahau.

"Pole," akasema Mbaluka.

Kicheko kilichopasuka kilisikika mpaka barabarani. Mzee Nimeona amesema pole! Wahome alipiga meza. Nyamai naye alicheka, ameshikilia shingo ya Mbaluka. "Asante, mzee. Si wewe, ni hii gongo."

"Ni mimi," alisema Mbaluka.

"Ai, hapana, ni gongo imeteleza."

"Sisemi gongo. Nasema mguu."

Kicheko kikafa upande mmoja baada ya mwingine. Nyamai alimwachia shingo, akaketi. "Hiyo ni pole gani sasa, mzee?"

Mbaluka alinyoosha mkono mezani. Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka mezani. Watu wakasikia sauti yake mwenyewe ikijitangaza jina. Wakasikia lori. Wakasikia kikohozi, kisha jina tena, kutoka mwanzo. Wakamsikia Kanyiva akilia ashikiwe. Wakamsikia Nyamai akiomba maji, na Mbaluka akimwambia aseme kwa sauti. Halafu ikakatika. Jogoo ndani ya kikapu alitingisha mbawa.

Nyamai alikaa akiitazama ile simu. "Kwa hivyo hukuwa umesomea," akasema.

"Sikusomea."

"Muuguzi aliniambia kuna mama alinitangulia mlangoni. Nikamwambia ni mpango wa Mungu."

Mchungaji alitazama paa. Mbaluka alisema, "Pole, Nyamai," na wote pale walisikia kwamba neno lilikuwa lile lile wanalolitupa huku na huku kutwa nzima, ila safari hii lilikuwa na kesi ndani kama Nzau alivyosema. Nyumba ilingoja mgeni ajibu asante, kwa kuwa pole hujibiwa asante, hata mtoto anajua.

"Nimesikia," alisema Nyamai.

Kisha akamgeukia Kanyiva. "Mama, ni wewe ulikuwa unasema pole kule nyuma ya gari?"

"Ni mimi."

"Nilidhani ni mama yangu." Akamfungua jogoo kutoka kikapuni, akampa Kanyiva, akaomba magongo yake.

Mbaluka alimfuata nje. Alisema angempeleka. Nyamai aliuliza ni mpaka steji, Mbaluka akasema ni mpaka Kyuso. Nyamai alifikiri kidogo, akatazama barabara, akatazama magongo, akapanda. Kanyiva hakwenda nao, na hakuna aliyemwambia aende.

Wakaondoka. Kila shimo pikapu ilipoingia, Mbaluka alisema pole, na Nyamai hakujibu hata moja. Walipofika mahali pale pa vichaka vya miiba, Nyamai akasema, "Simama." Mbaluka alisimama. Mchanga ulikuwa umefunika kila kitu, kulibaki tu kipande cha kioo cha pikipiki kando ya barabara.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema Nyamai.

"Ulikuwa hapo."

"Na wewe ulisimamisha gari wapi?"

Mbaluka alitoa mkono dirishani akaonyesha mbele, upande wa Kyuso, kwenye mti mfupi wa miiba. Nyamai aliinua shingo akautazama ule mti, akarudisha macho kwenye kioo, akautazama mti tena.

"Hata kwa magongo ni karibu," akasema.

Mbaluka alitia gia, wakaendelea.